Mila, imani na malezi ya watoto: maswali tunayoulizwa kliniki

Nimefanya kazi miaka mingi kliniki ya mama na mtoto, nikipima uzito, nikijaza kadi, nikichoma chanjo. Maswali ya chanjo huulizwa kwa sauti mbele ya foleni nzima. Maswali ya mila huulizwa mlangoni, mtu ameshaaga, mtoto yuko mgongoni: "Nesi, samahani, kuna jambo mama mkwe amelisema..." Hapa nimeyakusanya hayo ya mlangoni.

Jambo moja mtaliona likijirudia. Karibu kila mila ya malezi niliyokutana nayo ilikuwa na kazi iliyowekewa na wazee. Nyingine kazi hiyo bado inaifanya vizuri. Nyingine kazi yake ni njema ila njia yake inaumiza mtoto. Kwa hiyo kabla sijasema "hii acheni", huuliza kwanza: hii iliwekwa ili kulinda nini?

Mtoto si anakua mwenyewe tu? Mila inahusikaje na ukuaji wake?

Anakua, lakini anakua kuelekea kule anakoelekezwa na watu wa kwao. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani, Charles Super, aliishi na Wakipsigis wa nyanda za juu za Kenya akawafuatilia watoto wachanga. Aliona kwamba wanakaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Kimarekani. Wengi walidhani ni damu ya Kiafrika. Super alipochunguza aliona ni mafunzo: mama anamkalisha mtoto kwa kumwegemeza, dada zake wanamshika mikono wakimtembeza, na kila mtu pale nyumbani anajua kwamba hiyo ni kazi ya kufanywa. Kwenye mambo ambayo hakuna aliyeyafundisha, kama kutambaa, watoto wale hawakuwatangulia wenzao.

Nalipenda sana jibu hilo. Linaonyesha kwamba tunachokiona cha maana tunakifundisha hata bila kujijua, na mtoto anakipata. Sasa geuza upande wa pili. Nyumba isiyoona maana ya kuongea na mtoto mchanga, kwa kuwa "hajui kitu huyo", itampata mtoto anayechelewa maneno. Mtoto akifika miaka miwili ubongo wake umeshafikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Huwezi kusema utaanza naye akifika darasa la kwanza.

Majirani wanasema nimembemenda mtoto. Ni kweli mtoto anaweza kubemendwa?

Swali hili huulizwa kwa machozi, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Kwa wasiolijua neno: sehemu nyingi za Tanzania inaaminika kwamba wazazi wakikutana kimwili wakati mama ananyonyesha, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofu. Anavimba miguu, nywele zinakuwa nyepesi na za rangi ya kutu, analialia, hatembei kwa wakati. Watu wanasema amebemendwa. Pwani ya Kenya, kwa Wamijikenda, kuna imani inayokaribiana na hii inayoitwa chirwa.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Hakuna kitu kinachotoka kwa baba kikaingia kwenye titi. Dalili zile nilizozitaja ni za utapiamlo mkali, ule tunaouita unyafuzi, na mara nyingine nyuma yake kuna kifua kikuu, maambukizi ya VVU au kuhara kusikokwisha. Vyote hivyo vina vipimo na tiba.

Lakini wazee hawakuwa wajinga. Waliona kitu cha kweli: mama akishika mimba nyingine haraka, mtoto aliyeko titini anaachishwa ghafla, anapewa uji mtupu, na baada ya miezi michache anakwisha. Jina la kitaalamu la unyafuzi, kwashiorkor, limetoka kwa Waga, watu wa pwani ya Ghana. Daktari Cicely Williams aliliandika miaka ya 1930 baada ya kuelezwa na akina mama kwamba ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa titini mdogo wake anapokuja. Huku kwetu Waswahili na kule pwani ya Ghana, watu wasiojuana kabisa waliona jambo lilelile. Kazi ya mila ya kubemenda ilikuwa kuachanisha uzazi.

Kazi hiyo tunaihitaji mpaka leo. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Ila siku hizi kuna uzazi wa mpango, na nyingi ya njia zake hazigusi maziwa. Ubaya wa imani hii ni mambo mawili. Mama anaogopa kuleta mtoto kliniki kwa sababu kumleta ni kama kukiri kosa, basi anaanza kwa mganga na anatufikia mtoto akiwa hoi. La pili, baba anaambiwa akae mbali na mkewe miaka miwili, anakwenda kwingine, na huko analeta maradhi nyumbani. Dada yangu, kama umeambiwa umembemenda mtoto, mlete kesho. Hakuna mhudumu mwenye haki ya kukuuliza ulilala na nani. Tutapima uzito, tutapima mzingo wa mkono, tutaanza chakula dawa.

Bibi yake anataka avae hirizi, kamba nyeusi kiunoni na wanja. Nikatae?

Nilipokuwa mgeni kazini, katika zahanati moja, aliletwa mtoto wa miezi mitano na bibi yake. Kiunoni alikuwa na kamba nyeusi ya pamba yenye fundo tatu na kipande cha mzizi kilichoshonewa kitambaa. Nikachukua mkasi wa bandeji nikaikata, nikaitupa kwenye ndoo ya taka, nikaendelea na kadi. Bibi hakusema neno. Aliinama, akaokota kile kitambaa kwenye ndoo, akakipangusa kwa upindo wa kanga yake akakifunga pembeni. Hawakurudi tena. Mtoto yule alikosa chanjo zilizobaki, na kosa lilikuwa langu.

Kamba ile ilikuwa haijamdhuru mtu. Ilikuwa njia ya bibi kusema: mtoto huyu ana mwenyewe, analindwa. Siku hizi nauliza, "Bibi, hii ya nini?" Naambiwa. Halafu namwambia ya kwangu: isiwe shingoni, maana inaweza kumkaba akilala, isibane, maana mtoto ananenepa, ifuliwe. Wengine hutumia kamba ya kiuno kujua kama mtoto amepungua, ikilegea wanashtuka. Hicho ni kipimo, tena cha kila siku, wakati mizani yangu anaiona mara moja kwa mwezi.

Wanja ni habari nyingine. Baadhi ya wanja wa dukani na wa kusaga una madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usimpake machoni. Na kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya, sina ugomvi na imani ya mtu. Ila mtoto wa chini ya miezi sita hatakiwi kunywa maji yoyote, hata ya baraka. Mashehe wengi nilioongea nao wanakubali kumsomea mtoto dua tu bila kumnywesha.

Mtoto ameshikwa na degedege. Wazee wanasema akichomwa sindano atakufa.

Mpeleke kituo cha afya sasa hivi. Maelezo utayasoma baadaye.

Akiwa anatetemeka: mlaze ubavu, mwondolee nguo nzito, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote. Degedege huletwa na homa kali, na kwetu huku mara nyingi homa hiyo ni malaria iliyofika kichwani. Imani ya ndege anayepita juu ya mtoto, na ya kumfukiza kwa kinyesi cha tembo, imetucheleweshea watoto wengi. Na habari ya sindano inayoua nadhani najua ilikotoka: watoto waliletwa wamechelewa sana, wakachomwa sindano, wakafariki, na watu wakakumbuka sindano.

Hapohapo niseme kuhusu mambo mawili ya kukatakata. "Meno ya plastiki" hayapo. Vile vyeupe kwenye fizi ya mtoto anayeharisha ni machipukizi ya meno yake ya kawaida, na kuyang'oa kwa spoku ya baiskeli au kisu kunaleta damu kutoka sana, pepopunda na meno ya ukubwani yaliyoharibika. Na kimeo hakisababishi kikohozi. Kukikata ni kuita damu na usaha. Hapa sina nafasi ya kukutana na mila katikati.

Arobaini ni ya lazima? Mume wangu anasema ni mambo ya zamani.

Mwambie mume wako kwamba zamani walijua. Siku 40 mama hafanyi kazi nzito, anapikiwa, anaogeshwa, hapokei wageni ovyo, na mtoto hatembezwi kwenye misongamano. Nani kati ya wataalamu wa uzazi atapinga hayo? Zanzibar, Mombasa, Tanga, mzazi huwa ana mtu wa kumwangalia usiku na mchana, na mtu huyo ndiye wa kwanza kuona mama anapoanza kulia bila sababu, hataki kula, hataki kumshika mtoto. Hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua, na wanawake wa mjini wanaokaa peke yao na simu huipata ikawakalia bila mtu kujua.

Vya kurekebisha ni vichache. Maziwa ya mwanzo ya manjano yasikamuliwe na kumwagwa. Hayo ni kinga ya kwanza ya mtoto. Maji ya kumkandia mama yawe ya vuguvugu, nimeuguza akina mama walioungua. Kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe samli, majivu wala mavi ya ng'ombe. Na arobaini isiwe sababu ya kukosa kliniki: mama akivuja damu nyingi au akipata homa, au mtoto akikataa kunyonya, mnatoka hata kama ni siku ya tatu.

Nafanya kazi Dar, mtoto yuko kwa bibi yake kijijini. Namharibu?

Mama, punguza hilo jiwe kifuani.

Karibu na ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, watafiti walikaa na Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, miaka ya 1980 na 1990 wakawa wanapima uzito wa watoto na kuhesabu saa za kazi za watu wazima. Waligundua kwamba mama akipata mtoto mchanga, uzito wa yule aliyeachishwa titi unategemea zaidi bidii ya bibi kuchimba mizizi kuliko ya mama. Kutokana na hapo ikazaliwa hoja, inayojadiliwa mpaka leo duniani kote, kwamba binadamu anaishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu bibi ana kazi ya kufanya: kulea wajukuu. Wazee wetu walishalisema kwa maneno machache, mkono mmoja haulei mwana.

Na bibi ana kitu ambacho mzazi hana. Ana utani. Bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", anamdai posho, wanagombana nani amekula kiazi kikubwa. Mtoto anajifunza kujibu, kuchekesha, kubishana bila kuvunja heshima. Hayo ni maneno, na maneno ndiyo chakula cha akili ya mtoto mdogo.

Lakini nisikufariji kwa uongo. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatembelea mara kwa mara akina mama 26 na vichanga vyao katika vijiji vya karibu na Kampala. Mengi yanayofundishwa leo duniani kuhusu mtoto kumzoea na kumwegemea mlezi yalianzia katika nyumba zile za Baganda. Aliona kwamba mtoto anaweza kulelewa na watu kadhaa akawa salama kabisa rohoni. Kinachomtikisa ni kukosa mtu anayemsoma na kumwitikia, au kuhamishwa ghafla. Kwa hiyo usimchukue kwa bibi Januari, ukamrudisha Machi, ukampeleka kwa shangazi Juni. Piga simu kila siku saa ileile, ongea naye si na bibi tu. Tuma hela ya mayai na maziwa, ukitaja kwamba ni ya mayai na maziwa. Na ukienda kumchukua moja kwa moja, kaa pale wiki mbili kwanza. Mtoto wa miaka mitatu aliyenyakuliwa mgongoni kwa bibi yake anaomboleza kama aliyefiwa.

Mimi ni baba. Kwetu mwanaume hambebi mtoto mchanga. Nifanye nini?

Kwanza asante kwa kuuliza; mababa ni wachache humu.

Mila ya baba hutofautiana hata kwa majirani. Hukohuko Eyasi Wahadzabe na Wadatoga wanaishi karibu karibu. Baba wa Kihadzabe analala na watoto wake, anawabeba, anacheza nao. Baba wa Kidatoga, mfugaji, kwa desturi hukaa mbali na vichanga. Mwaka 2009 watafiti walitoa matokeo ya kupima homoni za kiume kwenye mate yao: kwa Wahadzabe, wanaume wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto, kwa Wadatoga hapakuwa na tofauti. Maana yake mwili wa mwanaume unajirekebisha kufuata kazi anayoifanya. Umeumbwa unaweza. Kilichobaki ni desturi.

Kama kumbeba mbele za watu kunakupa shida, anzia ndani. Muogeshe wewe jioni. Mwimbie. Msimulie ulivyoshinda kazini, hata kama ana miezi mitatu. Na pembeni ya hayo yote, baba anayempa mkewe nauli ya kliniki na siku ya kupumzika shamba ameshalea.

Bila kiboko mtoto atanyooka? Hata maandiko yanasema.

Najua methali zinazotumika. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Samaki mkunje angali mbichi. Na Mithali 13:24, "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe." Sikulelewa tofauti, kwetu mpera ule nyuma ya jiko ulikuwa hauishi fito.

Ila soma methali zilezile upya. Kumkunja samaki mbichi ni kumfundisha mapema, na samaki mbichi ukimkunja kwa nguvu anapasuka. Waefeso 6:4 inawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao. Na kwenye Hadithi, Mtume alimbusu mjukuu wake mbele ya mtu aliyejisifu kuwa na watoto kumi asiyembusu hata mmoja, akamjibu kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Hakuna dini hapa iliyomwagiza mtu kumpiga mtoto wa miaka miwili kwa kumwaga uji.

Tunapiga mno. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipigwa ngumi, mateke, viboko au kutishiwa silaha kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi waliopiga ni watu wa familia na walimu. Na bado tunalalamika kwamba watoto hawana adabu. Mtoto anayepigwa sana hujifunza kutazama mlango: baba ameingia, natulia, ametoka, naendelea. Na akija kufanyiwa jambo baya na mtu mzima, hasemi, maana amezoea kwamba kusema ni kupigwa.

Sheria: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili na iliyozidi kiasi kulingana na umri, ingawa kanuni za shule bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mwalimu mkuu. Kenya viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001. Ukiona mtoto anaumizwa, namba 116 inapigwa bure, Tanzania na Kenya.

Badala yake? Mnyime anachokipenda kwa muda mfupi. Arekebishe alichoharibu: amemwaga, afute. Sema mara moja, kwa sauti ya chini, umechuchumaa uso kwa uso. Na umsifu akifanya vizuri. Hapo ndipo wengi tunakwama, tunaona sifa zitamharibu.

Sisi ni wakulima, chakula kipo tele. Mbona mtoto ameambiwa amedumaa?

Swali la Iringa, Njombe na Rukwa. Mikoa inayolisha nchi ndiyo iliyokuwa inaongoza kwa udumavu: katika utafiti wa afya na viashiria wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania walikuwa wamedumaa, na Iringa ilipita nusu.

Angalia siku ya mama wa huko wakati wa palizi. Anaamka gizani, anasonga ugali wa kutosha kutwa, anaondoka na mtoto mgongoni au anamwachia dada yake wa miaka saba. Mtoto anakula ugali au uji mweupe mara mbili. Maharage yamevunwa yakauzwa, mayai yanauzwa, maziwa yanauzwa. Tumbo lake limejaa, ila mwili haupati cha kujengea. Hapo imani nayo inaongeza lake: mtoto asile yai atachelewa kusema, mjamzito asile yai mtoto atazaliwa hana nywele. Hakuna ukweli wowote humo. Yai moja kwa siku ni mojawapo ya vitu bora mtoto wa zaidi ya miezi sita anaweza kupata.

Kwa hiyo nikiona udumavu sianzi na somo la makundi ya chakula. Nauliza nani anabaki na mtoto, hela ya mahindi anaishika nani, na kuku ni wa nani. Baba akija siku hiyo, tunaelewana haraka.

Tumuongeleshe lugha gani: ya kabila, Kiswahili au Kiingereza?

Ile mnayoiweza mkicheka na mkigombana. Mtoto hashindwi na lugha mbili au tatu. Watoto wa Arusha na Bukoba wanafanya hivyo tangu zamani. Kuchanganya maneno si ugonjwa. Kinachomdumaza ni mzazi anayejilazimisha Kiingereza asichokiweza, akabaki na maneno mawili, "kamu hia" na "sidauni", na hadithi zote za bibi zikaishia hapo.

Tena jihadharini na kipimo cha akili. Mwaka 2001 watafiti walichapisha kazi yao juu ya watoto wa Kijaluo huko magharibi mwa Kenya. Watoto waliojua zaidi dawa za miti shamba, ipi ya tumbo, ipi ya minyoo, walielekea kupata alama za chini kwenye mtihani wa msamiati wa shule. Hawakuwa wajinga. Nyumba zao zilikuwa zimechagua kuwafundisha kitu kingine. Mtoto wako anayemjua kila mbuzi kwa jina na hajui kusoma herufi, mpe vitabu, lakini usimwite mzito.

Anatumia mkono wa kushoto. Tumfunge?

Hapana. Mfundisheni kwamba kula na kusalimiana ni kwa mkono wa kulia, kwa heshima ya watu. Kuandika na kurusha mpira aachwe na wake.

Mtoto wetu ana mtindio wa ubongo. Ukoo unasema ni mkosi, na wifi anasema nilimtoa kafara.

Pole sana, mama. Mtindio wa ubongo mara nyingi hutokana na ubongo kuumia kabla, wakati au muda mfupi baada ya kuzaliwa: mtoto kukosa hewa, kuzaliwa njiti, manjano kali, homa ya uti wa mgongo. Na mengine yanayoitwa mkosi yana chanzo chake pia. Ualbino unarithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, hata wakiwa weusi tii. Mgongo wazi unapungua mama akipata foliki asidi kabla ya mimba na mwanzoni mwake. Hakuna kafara, hakuna jini, hakuna mtu aliyeloga.

Neno mkosi linaua kwa njia mbili. Kuna yale ya kutisha tuliyoyaona Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao. Na kuna kuua kwa kimya: mtoto anafichwa chumba cha uani, hatolewi juani, haongeleshwi, wageni hawajui kama yupo. Nilimkuta mmoja wa miaka sita aliyekuwa na shingo ya kushika vizuri kabisa, ila hakuna aliyewahi kumkalisha. Tulimtengenezea kiti cha kona kwa maboksi magumu. Siku ya kwanza kukaa aliangalia kuku uani mpaka jioni.

Huo ndio mwanzo: mtoe nje. Mazoezi ya viungo, dawa kama ana kifafa, kumlisha akiwa ameinuliwa. Na baba yake asikae pembeni akisubiri ukoo uamue.

Tunaishi Uingereza, kaka yangu yuko Sweden. Watoto wanatuambia mila zetu ni uonevu.

Sheria za huko fuateni bila ubishi: Sweden ilipiga marufuku kumchapa mtoto hata nyumbani tangu 1979, Scotland 2020, Wales 2022. Mambo mengine yanahitaji kuelezwa tu. Mwambieni mwalimu kwamba kwetu mtoto huinamisha macho anapoongea na mkubwa kwa heshima, asidhani anaficha jambo. Mwambieni mtoto kwamba shikamoo inampa haki ya kujibiwa marahaba, yaani mkubwa naye amewajibika kwake. Na msiwakatie simu ya mababu. Utani unafanya kazi hata kwa video.

Dada wa kazi ndiye anayeshinda naye. Ana ushawishi gani?

Mkubwa kuliko wako kwa saa za mchana. Mlipe kwa wakati, ale mnachokula, umwite kwa jina lake. Mtoto anaangalia unavyoongea naye, na vile vile ataongea na wanyonge wote. Na kama dada mwenyewe ana miaka kumi na miwili, basi nyumbani kwako kuna watoto wawili wa kulea.

Nitamwambiaje mama mkwe bila kuvunja undugu?

Usimwambie wewe peke yako jikoni. Mumeo aseme ya mama yake, nawe useme ya mama yako. Usianze na "nesi amekataza", kwa sababu hapo umetuweka mimi na yeye ulingoni. Anza na swali: "Mama, wewe uliwanyonyesha mpaka lini? Ulikuwa unafanyaje wakilia usiku?" Mwache aeleze. Katika maelezo yake utakuta mengi ya kweli. Waislamu wengi watakutajia miaka miwili kamili ya Suratul Baqara, 233, na hapo mmeshaelewana na Shirika la Afya Duniani. Shukuru kwa hilo, lifuate mbele ya macho yake. Ukija kukataa moja, sema, "Hili la maji naogopa, mama, twende wote kliniki tukaulize."

Halafu mje kweli. Naweka viti viwili mezani kwangu siku hizi, na bibi ndiye anayekaa karibu na mizani. Ninamwomba yeye amweke mtoto, yeye asome namba, na kama haoni vizuri namsomea. Mwezi unaofuata yeye ndiye anayewaambia majirani kwamba siku ya kupima ni Jumatano.